Leseni yenye vizuizi vya matumizi isiitwe huria

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu hoja ambayo siku hizi naisikia kwa wanafunzi wangu, kwa wauzaji wa programu na hata kwa maafisa wanaonunua vifaa kwa fedha za umma, kwamba programu yoyote ambayo msimbo chanzo wake, yaani maandishi ya mtunzi yanayoiunda programu, unaonekana ni programu huria, na kwamba masharti ya leseni yake ni mambo madogo ya wanasheria. Nafundisha kompyuta hapa Lamu, mtaa wa Langoni, na kwangu mimi jambo hili ni zito, kwa sababu masharti hayo ndiyo yanayoamua nani atafanya kazi yake kwa amani na nani ataifanya kwa kujificha.

Si kila sharti linavunja uhuru. Leseni inaweza kuwa na masharti makali na ikabaki huria. Nyingine inaweza kuwa na sharti moja tu, la maneno machache na la nia njema, nalo likaufuta uhuru wote. La kuuliza ni sharti hilo linambana nani, na linalinda nini.

Mwanaprogramu Richard Stallman alipotangaza mwaka 1983 mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo endeshi ulio huria, na shirika la Free Software Foundation lilipoundwa mwaka 1985, msingi uliowekwa ulikuja kuelezwa kwa uhuru wa aina nne. Wa kwanza, ambao wenyewe waliupa nambari 0, ni wa kuiendesha programu kwa kusudi lolote. Wa pili ni wa kuichunguza na kuibadilisha ikidhi haja zako, wa tatu ni wa kugawa nakala, na wa nne ni wa kugawa nakala ulizozibadilisha ili wenzako nao wafaidi. Wa pili na wa nne hauwezekani pasipo msimbo chanzo, lakini kuwepo kwa msimbo chanzo peke yake hakukupi hata mmojawapo. Shirika la Open Source Initiative, lililoanzishwa mwaka 1998, lilichukua miongozo ya mradi wa Debian, watengenezaji wa mfumo endeshi huria, na kulisema jambo lilelile kwa lugha ya katazo: leseni isibague mtu wala kundi, wala isibague uwanja wa kazi.

Hapo ndipo wapinzani hutuuliza: mbona leseni ya GPL, ambayo ni ya mradi huohuo wa GNU, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989 na kuandikwa upya mwaka 1991 na 2007, nayo imejaa masharti? Ni kweli. Ukigawa programu iliyo chini ya GPL, lazima umpe unayemgawia msimbo chanzo pamoja na haki zilezile ulizopewa wewe, na huruhusiwi kuongeza vizuizi vyako juu yake. Hicho ni kizuizi, wala sioni sababu ya kukificha. Lakini watu wa Lamu tunakielewa kizuizi cha namna hiyo tangu zamani, kwa kuwa ndicho kilicho katika kisima cha wakfu. Aliyeweka wakfu alifunga mkono wa yeyote atakayekuja baada yake: kisima kisiuzwe, kisirithiwe, kisitiwe ukuta. Mkono wa mchota maji hakuufunga. Mpita njia huchota, na mchuuzi wa maji huchota pia. Ninajua kwamba upo wakfu wa familia, ambao mtoaji ametaja watakaonufaika na wengine hawana haki nao. Huo ni halali, na mwenye mali ana haki ya kuuweka. Lakini hakuna aliyewahi kuuita kisima cha umma, na hilo ndilo ninalolidai kwa leseni. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi za maandishi, na mtunzi ana haki ya kuweka masharti ayapendayo. Aweke, ila asiiite huria programu ambayo amechagua nani aitumie.

Yako pia masharti yanayoudhi bila kuharibu. Leseni ya zamani ya BSD, mfumo endeshi uliotoka Chuo Kikuu cha California, ilimtaka anayetangaza bidhaa yake akitaje chuo hicho, sharti ambalo chuo chenyewe kilikuja kuliondoa mwaka 1999. Liliwasumbua watu na kuzuia msimbo huo kuchanganywa na ule wa GPL, lakini programu zake zilibaki huria muda wote huo. Kutopatana kwa leseni mbili ni usumbufu, na kukosa uhuru ni jambo jingine kabisa.

Sharti linalotuumiza zaidi huku pwani ni lile la matumizi yasiyo ya kibiashara. Karani wa chama kimoja cha wavuvi, BMU (Beach Management Unit) kama tunavyoviita, hupima samaki asubuhi mashua zinapofunga: changu, tafi, kolekole, kamba. Huandika jina la nahodha, uzito na bei. Alipata programu ya simu ya kuweka hesabu hizo, msimbo wake uko wazi kwenye intaneti, akanijia kuuliza kama wanaruhusiwa kuitumia. Tulikaa barazani tukaisoma leseni sentensi kwa sentensi. BMU si kampuni, ni chama cha kijamii kinachotambuliwa na sheria. Lakini samaki anayepimwa anauzwa, mchuuzi anayemnunua anampeleka Mombasa, na chama hukata kiasi fulani kwa kila kilo ili kulipia barafu na mlinzi. Je, hiyo ni biashara? Leseni haikueleza. Yamkini aliyeiandika alikuwa akiifikiria kampuni kubwa ya mjini kwao, wala hakumfikiria mtu mwenye mizani ya kuning'iniza na kanzu iliyolowa maji ya chumvi, lakini maneno yake yamemfikia huyu kabla ya kuifikia kampuni hiyo. Kampuni ina mwanasheria wa kuitafsiria. Karani hana, na kwa kuwa ni mtu mwaminifu aliiacha programu akarudi kwenye daftari, mpaka tulipomtengenezea jedwali kwa LibreOffice, programu huria ya ofisi, ambayo leseni yake haimuulizi anauza nini wala anamuuzia nani.

Hali ni hiyohiyo kwa madrasa inayotoza ada ndogo, kwa kikundi cha akina mama wanaosuka mikeka, na kwa fundi wa kuchonga milango anayeonyesha nakshi zake kwenye kompyuta. Karibu kila kazi hapa ina senti ndani yake. Leseni inayokataza biashara huwaacha huru wale ambao riziki yao inatoka mahali pengine, na wengi wetu hatumo katika hao.

Kisha kuna masharti ya maadili, ambayo nayapa heshima kwa sababu yanatoka katika dhamiri. Douglas Crockford, katika leseni ya JSON, muundo wa kupangia data, aliongeza sentensi moja tu kwenye leseni ya MIT, ambayo ni leseni huria fupi: kwamba programu itumike kwa wema na si kwa uovu. Mwaka 2019 Coraline Ada Ehmke alitoa leseni aliyoiita ya Hippocrates, inayokataza programu itumiwe kukiuka haki za binadamu. Nani asiyelitaka hilo? Lakini Free Software Foundation haiihesabu leseni ya JSON kuwa huria, na naona ni sawa. Muuza miraa wa Lamu ni mfanyabiashara halali mbele ya sheria ya Kenya, na majirani zake wengi wanamwona mharibifu wa vijana. Akitaka kuweka hesabu zake kwa programu hiyo, nani ataamua kama hesabu hizo ni za wema au za uovu? Mtesaji hataisoma leseni; atakayeisoma na kuogopa ni mtu mnyoofu. Uovu una sheria zake na mahakama zake, na huko ndiko unakostahili kupelekwa.

Kundi gumu zaidi kulihukumu ni la kampuni zilizoanza kwa leseni huria kisha zikabadilika, zikilalamika kwamba wakubwa wa huduma za mtandaoni wanachukua programu zao, wanazikodisha kwa mamilioni ya watu na hawarudishi kitu. MongoDB ilibadilisha leseni mwaka 2018, Elastic mwaka 2021, HashiCorp mwaka 2023, Redis mwaka 2024. Malalamiko yao nayaona ya kweli; mtu akitoa jasho lake anastahili kula. Dawa waliyoichagua ndiyo siikubali. Leseni ya SSPL ya MongoDB inamtaka anayeitoa programu kama huduma atoe msimbo wa kila kitu kinachoiendesha huduma hiyo, hata programu za kuhifadhi nakala na za kusimamia mitambo, sharti zito kiasi kwamba katika kazi halisi ni kama kukataza. Haikupata idhini ya Open Source Initiative. Na tangu mwaka 2007 ilikuwepo leseni ya AGPL, ndugu ya GPL, inayomtaka aliyeibadilisha programu na kuiendesha mtandaoni awape watumiaji wake msimbo chanzo, bila kumkataza mtu kazi yoyote. Elastic iliiongeza AGPL mwaka 2024, Redis mwaka 2025. Njia ilikuwa wazi siku zote hizo. HashiCorp ilichukua leseni ambayo baada ya miaka isiyozidi minne huiachilia programu iwe huria. Wapo wanaosema hiyo inatosha, hasa kwetu sisi tunaotumia mashine kuukuu, lakini programu ya miaka minne iliyopita ina mianya ambayo wezi wa data wameshaijua, na uhuru wa kuiziba leo bado umefungwa. Wachangiaji walilitambua hilo, wakalichukua toleo la mwisho lililokuwa huria la Terraform, programu ya HashiCorp, wakaanzisha OpenTofu, chini ya Linux Foundation.

Akili mnemba nayo imefuata mkondo huo. Kampuni ya Meta ilipotoa Llama 2, modeli yake ya lugha, mwezi wa Julai 2023, iliitangaza kuwa ya chanzo wazi, ilhali leseni yake iliitaka kampuni yenye watumiaji zaidi ya milioni 700 kwa mwezi iombe ruhusa maalumu, na ikaambatana na orodha ya matumizi yaliyokatazwa. Kwa kuwa sensa ya 2019 ilituhesabu Wakenya milioni 47.6, mtu aweza kusema idadi hiyo haituhusu. Inatuhusu, kwa sababu anayekubaliwa kumtaja leo asiyemtaka aliye mkubwa atakuwa na haki ileile ya kumtaja kesho asiyemtaka aliye mdogo.

Watumiaji wa Kiswahili tumeshaonja faida ya leseni isiyobagua. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hawakuhitaji kuomba ruhusa kwa mtu, wala kumthibitishia yeyote kwamba soko la Kiswahili lina faida, kwani leseni ilikuwa imeshawaruhusu. Mwaka 2010 wachangiaji wengi wa OpenOffice walipohofia mustakabali wake chini ya mmiliki mpya, waliondoka na msimbo wao wakaanzisha LibreOffice, hiyohiyo anayoitumia sasa karani wetu wa samaki.

Ombi langu kwa Serikali ya Kaunti ya Lamu na kwa bodi za shule ni kwamba hati za zabuni zinapotaja programu huria, ziitake leseni iliyoidhinishwa na Open Source Initiative au kukubaliwa na Free Software Foundation, na itajwe kwa jina kabla ya malipo, maana maelezo ya muuzaji hayatoshi. Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba kurasa zako za teknolojia zisiite huria programu inayomzuia mtu kuitumia kwa kazi yake. Ziseme tu kwamba msimbo wake unaonekana, kwa kuwa huo ndio ukweli wake. Nami niko tayari kukaa na afisa yeyote wa ununuzi, hapa Lamu au ng'ambo Mokowe, tuipitie leseni aliyoletewa kabla hajaitia saini.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa kompyuta,
Langoni, Lamu