Malalamiko: pampu iliyotulia mpaka mlipoifanyia sevisi

Meneja wa Huduma za Ufundi,

Ndugu,

YAH: PRESHA YA PAMPU KUYUMBA BAADA YA SEVISI YENU YA MWAKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nasimamia maabara ya udhibiti wa ubora katika kiwanda cha dawa hapa Dar es Salaam. Mashine yetu ya HPLC, ile inayotenganisha viambato vya dawa na kuvipima, tulinunua kwenu, na kila mwaka tunawalipa kuihudumia. Safari hii fundi wenu alibadilisha sili za pistoni na vali za kuingizia kimiminika kwenye pampu zote mbili, A na B, akatusainisha fomu, akaondoka. Kesho yake presha ikaanza kucheza.

Kabla ya hapo, kwa mililita 1 kwa dakika kupitia kolamu ya C18 ya milimita 250 (bomba la kutenganishia viambato), presha ilikaa kwenye baa 120, ikitikisika kwa baa moja au mbili tu. Baada ya sevisi ikawa inashuka hadi 95 na kupanda hadi 135, ikifuata mpigo wa pistoni kama mtu mwenye pumu. Kilele cha parasetamoli kwenye mchoro wa majibu hakikutoka tena kwa wakati wake. Tulipodunga sampuli ileile mara sita, majibu yalipishana kupita asilimia 2 tunayoruhusiwa. Vidonge vikalala stoo, maana bila cheti cha maabara havitoki getini.

Fundi aliporudi hakufungua hata boksi la spana. "Hiyo ni hewa, hamchuji vizuri," akasema. Basi tukachuja upya vimiminika kwa kichujio cha mikroni 0.45, tukatoa hewa, tukasukuma methanoli kwa kasi huku vali ya kumwagia ikiwa wazi. Wapi! Sikatai kwamba hewa ndiyo ya kushukiwa kwanza, hata mimi ningeanzia hapo. Ila kiputo kikishasukumwa nje presha hutulia angalau kwa muda. Hii haikutulia hata dakika.

Mara ya pili akasema kolamu imeziba, tununue nyingine. Kolamu ikiziba presha hupanda na kubaki juu, haichezi kila baada ya sekunde chache. Nililijua hilo, na bado nikaidhinisha ununuzi kwa sababu bosi alikuwa anapiga simu kila saa. Hapo najilaumu. Kolamu mpya ikafungwa, presha ikaendelea kucheza vilevile, na ankara yenu ikafika kabla ya wiki kuisha.

Mara ya tatu alitaka tubadilishe bodi ya umeme ya pampu. Tulimshukuru, akaenda zake, nasi tukafanya kazi ambayo ilikuwa yake. Tuliendesha pampu moja moja kwa methanoli tupu: B ikatulia, A ikayumba. Tukabadilishana vali za kuingizia, ya A ikaenda B na ya B ikaja A. Kuyumba kukahamia B. Ilituchukua nusu saa na spana moja. Tukailoweka vali hiyo kwenye isopropanoli ndani ya bafu la mawimbi ya sauti kwa dakika 15, maana kijipira chake huweza kunata, haikusaidia. Mwisho tukairudisha ile ya zamani, ambayo fundi aliiacha mezani akisema imechoka. Baa 120, tuli.

Kwa hiyo vali mliyotuuzia kama mpya ndiyo mbovu, na fundi alifunga mashine bila kuangalia mchoro wa presha hata kwa dakika kumi.

Naomba mtuletee vali nzima badala ya hiyo, mturudishie fedha za kolamu, na mfute gharama za safari zote tatu alizokuja baada ya sevisi. Kolamu imetumika siku mbili, mkiitaka, ipo. Kuanzia sasa hatutasaini fomu ya sevisi mpaka pampu zipimwe mbele yetu, kila moja peke yake, na mchoro uambatanishwe. Nategemea jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Nimeambatanisha michoro ya presha ya kabla ya sevisi, ya baada yake, na ya siku tuliyobadilishana vali. Vali yenyewe nimeiweka kwenye bahasha yenye tarehe. Fundi anaweza kuifuata siku yoyote ya kazi, ila asije na ankara nyingine.

Wenu katika kazi,

Msimamizi wa Maabara ya Udhibiti wa Ubora