Salamu za Krismasi kwa sisi tulio nje ya mipaka

Ndugu zangu Watanzania wa Columbus, hapa Marekani, na vitongoji vyake, na ninyi mnaosoma haya mkiwa mbali zaidi: wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo, hamjambo? Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Assalaam aleikum. Nimezitaja zote kwa makusudi, maana mwaka jana nilisahau moja na maneno yalinifikia.

Kila Desemba kamati hunitwisha kazi hii kwa kuwa ni katibu mstaafu, na kwa kuwa, kama alivyosema mmoja wao, "mama una maneno." Haya. Kwa niaba ya kamati, wazee na kina mama wote, nawatakieni Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya. Mungu aliyetuvusha milima na mabonde atufikishe salama, awaponye wagonjwa, awape kazi wasio nayo, awape watoto akili ya masomo na hofu ya Mungu. Amina. Hayo ni ya kamati. Yanayofuata ni yangu.

Mwaka umetubana, tusifichane. Kodi ya nyumba imepanda, bima ya gari imepanda, na kuna wenzetu waliopunguziwa zamu kazini wasimwambie mtu, tukajua tu kwa kuwa waliacha kuja. Nauli ya Desemba kwa familia ya watu wanne ni bei ya gari lililotumika. Na nyumbani nako simu haziishi: ada ya Januari, mbolea, dawa za bibi, bati lililoezuliwa na upepo, na kila ujumbe unamalizikia palepale, "tuma na ya kutolea," yaani ada ya kutoa pesa kwenye simu. Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi sicheki, kwa sababu anayeomba ya kutolea amekwisha piga hesabu na kujua kwamba bila hiyo dawa haitatosha.

Halafu mwezi wa Agosti tukampoteza mzee wetu.

Sitamtaja jina, familia imeomba hivyo, na hakuna kati yetu asiyemjua. Ndiye aliyekuwa akiwapokea watu uwanja wa ndege. Kwenye gereji yake alikuwa na makoti, sijui arobaini sijui hamsini, ya kila kipimo. Ulishuka Januari na kisweta chako cha mtumba cha Dar es Salaam, ukidhani umejiandaa. Yeye hakukuuliza kabila wala dini, alikutazama mabega tu, akakupa koti. Sharti lake lilikuwa moja: ukinunua la kwako, hili lirudi. Langu lilikuwa la kijani, mfuko wa kushoto umetoboka. Nililirudisha baada ya miaka miwili, na nikaja kuliona tena mgongoni mwa binti mmoja kutoka Kigoma.

Alikuwa mtu wa Mbinga, kusini. Mimi ni wa Marangu, Kilimanjaro. Tungebaki nyumbani, hakuna njia ambayo ingetukutanisha. Kule nilikuwa Mchagga, Mlutheri, binti wa fulani wa ukoo fulani, na Mbinga niliijua kwenye ramani ya darasa la tano. Utanzania nilikuwa nao kama mtu alivyo na figo: upo, huufikirii. Nimekuja kuufikiria hapa, kwenye sebule ya mzee wa Kimatengo, nikila wali wa nazi uliopikwa na dada wa Pemba, watu wanabishana Simba na Yanga hadi jirani Mmarekani akatuma polisi kuuliza kama kuna ugomvi.

Alipofariki palikuwa na kikao kirefu. Watoto wake wamezaliwa hapa na walitaka baba azikwe hapa, wapate pa kuweka maua. Si ombi la kipuuzi. Nitasema ukweli, mimi nilikuwa upande wao. Kusafirisha mwili ni gharama, nami nilishachoka kupitisha kapu. Mtu mmoja akasimama akasema hata Mwalimu Nyerere alifia London, tarehe 14 Oktoba 1999, na hakuna aliyependekeza abaki huko, alirudi Butiama. Nikamjibu kwamba Mwalimu alikuwa na serikali ya kumrudisha, mzee wetu anatutegemea sisi wabeba boksi, watu wa kazi za mikono. Watu wakanuna. Aliyemaliza maneno ni binti mkubwa wa marehemu, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Alisema: "Baba akisema nyumbani, hapana nyumba hii. Kila siku ni ile."

Wiki tatu tukachanga. Walichanga wa Tanga na wa Unguja, walichanga Wakenya na Wakongo ambao kwenye mpira tunawatania, alichanga yule mwenye zamu zilizopunguzwa, na najua alichokosa. Mzee amelala Mbinga, kando ya baba yake, karibu na mibuni. Nilitumiwa picha. Udongo ulikuwa mwekundu.

Sasa nifike kwenye lile nililotaka kusema tangu mwanzo. Tarehe 9 mwezi huu tulikodi ukumbi wa kanisa kwa ajili ya Siku ya Uhuru. Tulikuja watu 19, wanne kati yao watoto waliokuwa wakiulizia keki. Sikulaumu, ilikuwa siku ya kazi na barabara zilikuwa na barafu. Ila nilisimama pale nikamkumbuka marehemu baba yangu. Alikuwa mpagazi mlimani, na mlima aliusema kana kwamba ameujenga yeye na kaka zake. Habari aliyoipenda kuliko zote ni ya Luteni Alexander Nyirenda aliyepandisha bendera na mwenge kileleni usiku ule wa uhuru, mwaka 1961. Baba alikuwa akiyakariri maneno ya Mwalimu, kwamba tutauwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, "umulike hata nje ya mipaka yetu." Utoto wangu wote nilidhani nje ya mipaka ni kwa watu wengine, wenye shida zao, huko Rhodesia, huko Afrika Kusini. Haikunipitia akilini kwamba nitazeeka nikiwa huko nje unakotakiwa kumulika.

Na wengi wetu humu tumeshaapa kuwa raia wa Marekani. Tusizungukane. Sheria yetu haikubali uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Ukila kiapo cha huku, umekwisha poteza wa kule. Wakenya katiba yao ya 2010 imewaruhusu kuwa na zote mbili, tunaketi nao meza moja na hatuwaonei wivu, au tunasema hivyo. Mimi nilikula kiapo. Watu wanataka niseme ni kwa ajili ya watoto. Nilikula kiapo kwa sababu nilichoka kuogopa bahasha. Kila bahasha ya serikali iliyoingia kwenye sanduku la barua, moyo ulisimama, miaka kumi na moja. Nilitaka usingizi, nikaupata.

Mwaka juzi nikatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na pasipoti ya Marekani, kile kitabu cha bluu. Nikapanga foleni ya wageni, mbele yangu vijana wa Kijerumani na mabuti yao ya kupandia mlima. Dirishani alikuwa kijana wa umri wa kitindamimba wangu. Akafungua, akasoma mahali nilipozaliwa, akainua macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umekuja kutembea?"

"Nimekuja kumwona mama yangu."

"Karibu nyumbani. Ni dola 100, mama."

Sikulia kwa ajili ya pesa, pesa nilikuwa nimeziweka tayari mfukoni. Aliniamkia kama mzazi wake na akanitoza kama mgeni, na yote mawili yalikuwa haki. Akagonga muhuri, siku 90 za kukaa kwetu, akaniombea safari njema. Wale Wajerumani walinitazama wakidhani nimefiwa.

Mama hakuulizia pasipoti. Alinipa kisu nimenye ndizi za mtori, akakaa kwenye kigoda kunitazama kama bado najua. Utomvu ukanipaka vidole vyeusi. Nilirudi nao hadi kazini, mgonjwa mmoja akaniuliza kama ni ugonjwa.

Ndugu zangu, nawasihi. "Mkataa kwao mtumwa" ni methali tunayorushiwa sana na wasiojua bei ya tiketi, na mara nyingi wanaokosea ni wao. Kuhama si kukataa kwenu. Ila kuna namna za kukataa kwenu hata ukiwa na pasipoti ya Tanzania kabatini, na nimeziona humu humu. Mwenzako wa kazini anakuuliza Afrika ikoje, unamsimulia njaa usiyowahi kuiona, ili akuonee huruma akubadilishie zamu. Hiyo ni kuiuza nchi, na kwa bei ndogo. Mwingine anapiga picha ameegemea gari la bosi wake, anaituma nyumbani, na kesho yake mdogo wake anauza kiwanja cha urithi amfuate. Waambieni ukweli wa boksi. Waambieni mgongo unauma. Fahari gani hiyo ya kuwadanganya waliokulea?

Na kuisema serikali si kuitukana nchi, tusichanganye. Anayelia kwamba mambo hayaendi sawa kule huenda anaipenda kuliko yule mwenye fulana ya bendera kila Jumamosi. Fulana nazo nzuri, nami ninazo mbili. Lakini mwenye fulana ambaye hajawahi kuonekana msibani, simwelewi anavaa nchi gani.

Kina baba na kina mama, Kiswahili. Hapa nitawaudhi, na mniwie radhi kwa kuwa ni sikukuu. Mwaka 2021 UNESCO ilikipa Kiswahili siku yake, 7 Julai, dunia nzima. Sisi kinatufia kwenye viti vya nyuma vya magari yetu. "Wanaelewa, ila hawaongei" ndiyo kauli yetu, nami niliisema miaka mingi nikijifariji. Wanaelewa nini? Wanaelewa "njoo ule" na "nitakuchapa." Bibi akipiga simu wanamwonyesha dole gumba. Bibi haongei kwa dole gumba! Mfundishe mtoto shikamoo, na umfundishe kungojea marahaba, asikate simu katikati. Muuguze kwenye lugha kama unavyomuuguza homa, kila siku kidogo, usiku na mchana, bila kumcheka anapokosea, kwa maana wengi wao tumewanyamazisha sisi wenyewe kwa vicheko vyetu. Yule binti wa mzee wetu alisema sentensi mbili zenye makosa matatu, na ukumbi mzima wa wajuzi wa ngeli ukakosa la kumjibu.

Na ukabila tuuache ulikobaki. Nimesikia kuna kundi la simu la watu wa mkoa fulani, sitautaja, nami natoka humo, linalopanga michango yake kivyake. Kumbukeni koti. Hakuna aliyeulizwa kabila akiwa anatetemeka.

Kuhusu hadhi maalumu kwa ajili yetu tulioacha uraia wa Tanzania, sina la kusema isipokuwa isaidie. Mimi nikipewa nitaipokea kwa mikono miwili, ingawa najua hainirudishii nilichokiacha kwenye kiapo.

Nimekuwa mrefu. Nawaombea wote Krismasi yenye amani. Waliofiwa, Bwana awafute machozi. Mlio na wagonjwa nyumbani na hamwezi kwenda kwa sababu ya makaratasi, nawajua, nilikuwa huko, sitawapa neno la kuwafariji ila njooni mle. Ndugu zetu Waislamu, asanteni kwa kukubali tena kutupikia pilau ya Krismasi, nasi zamu yetu ya Idd tunaijua. Mwaka Mpya utukute wazima, wenye kazi na wenye kupendana. Mungu ibariki Afrika, Mungu ibariki Tanzania, na atulinde na huku tulipo.

Mambo ya kawaida: sherehe ni Jumamosi, saa kumi jioni kwa saa zetu, msije saa moja usiku mkasema foleni. Ndafu, mbuzi wetu wa kuchoma mzima, ameshapatikana, tumshukuru kijana wa Machame na msitake kujua amemchomea wapi. Makoti ya mzee yamehamia gereji kwangu, na nimehesabu, yamepungua. Yeyote aliye nalo na ameshajinunulia lake, alilete, kuna familia ya watu watano inatua tarehe 3 Januari. Na lile sufuria kubwa lililobaki siku ya matanga bado liko ndani ya gari langu, linagongagonga kila nikikata kona. Mwenye nalo ajitokeze.