Risala ya Wataalamu wa Maabara na Tiba kwa Mgeni Rasmi: Kuutambua Mapema Ugonjwa wa Neva za Mwendo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa hospitali, walimu wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kutufungia mafunzo haya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ugonjwa wa neva za mwendo, ambao aina yake kuu ni ALS, huua seli za neva zinazoamrisha misuli. Huanza na jambo dogo: kifungo cha shati hakifungiki, kandambili inavuka mguuni, ulimi unakuwa mzito. Toka hapo hadi ugonjwa upate jina hupita takriban mwaka mzima, hata kwenye nchi zenye mabingwa wengi. Wagonjwa wengi huishi miaka 2 hadi 5 tu, hivyo mwaka huo mmoja ni hasara kubwa.

Kipimo tunachokitegemea zaidi ni cha damu. Neva ikivunjika humwaga protini ya kiunzi chake, niurofilamenti nyepesi, na kiasi kidogo hufika kwenye damu. Ni kidogo kweli, huhesabiwa kwa pikogramu, yaani sehemu za trilioni za gramu, ndiyo maana hadi zilipopatikana mashine zinazohesabu molekuli mojamoja ilikuwa lazima kuchoma sindano ya mgongoni ili kupima maji ya uti wa mgongo. Kwa waliorithi hitilafu ya jeni ya SOD1, protini hiyo imeonekana kupanda miezi kadhaa kabla ya udhaifu wowote. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya tofersen kwa wagonjwa wa jeni hiyo, na ushahidi uliotegemewa ni kushuka kwa protini hii.

Hata hivyo, kipimo hiki husema neva zinakufa. Hakisemi zinauawa na nini. Hupanda kwa kiharusi, jeraha la kichwa, uzee, na figo zikishindwa kazi. Kwa mtu mnene husoma chini. Kwa hiyo kreatinini, inayoonyesha hali ya figo, ipimwe pamoja nacho, na fomu iandikwe umri na uzito. Damu ijazwe hadi mstari kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau, ipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10, izungushwe kwa mashine ndani ya saa 2, kisha plazma, yaani majimaji ya damu isiyoganda, igawanywe kwenye vichupa vya nusu mililita na kugandishwa kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Protini yenyewe ni sugu. Kinachoharibu kazi ni kupima seramu, yaani majimaji ya damu iliyoachwa igande, leo na plazma kesho kwa mgonjwa yuleyule, kwa sababu namba zake hazilingani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kiganja nacho ni kipimo, tena cha bure. Katika ALS nyama ya gumba na ile iliyo kati ya gumba na shahada hukonda, huku ya upande wa kidole cha mwisho ikiwa bado imejaa. Neva ikibanwa kiwikoni, upande wa kidole cha mwisho nao hukonda; ikibanwa kwenye kifundo cha mkono, hukonda gumba peke yake. Baada ya hapo ultrasaundi iwekwe juu ya msuli uliolegea, sekunde 60 kila msuli, kutafuta mtetemo mdogo ambao jicho halioni. Mgonjwa akitetemeka kwa baridi ya chumba, picha hudanganya.

Nyumbani kwetu kuna konzo pia, ugonjwa wa neva usiopaswa kuchanganywa na ALS, ulioonekana Tarime mwaka 1985 na baadaye Mtwara, unaotokana na mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha. Miguu yote miwili hukakamaa ghafla, kisha hali husimama hapohapo. ALS haisimami.

Maombi yetu ni matatu. Friza ipate jenereta yake, kwani umeme ukikatika usiku sampuli za mwaka mzima huyeyuka. Tupate kibali cha kukusanya damu ya watu wazima wenye afya, kwa makundi ya umri, maana viwango vinavyotumika vimetokana zaidi na watu wa Ulaya na Marekani. Na mgonjwa ambaye mkono unakonda bila maumivu wala ganzi apewe rufaa ndani ya wiki 2, asizungushwe kwa dawa za mgongo.

Tunaomba kuwasilisha.