Kisu cha mjomba si kidhibiti

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua ndefu huwa mnazikata ila hii kama mtaweza iacheni ilivyo maana nimekaa nayo rohoni tangu siku ile gazeti lilipotoka.

Wiki mbili zilizopita mlitoa habari ya wahunzi wa huku kwetu Mamba, jirani na Marangu. Kwanza asanteni kwa kupanda mlima, wengi wanaishia Himo. Ila zile picha jamani. Mliweka mbili, moja cheche zinaruka kwenye grenda, nyingine kisu kimelazwa juu ya meza ya bati kimepigwa flashi kutokea juu, bapa lote jeupe kama karatasi, na chini mmeandika visu vya kienyeji. Basi. Kile kisu nakijua. Nakijua kwa mpini, kipande cha mpingo chenye mstari wa rangi ya maziwa upande mmoja, ni cha mjomba wangu, kaka yake mama, na alikifanyia kazi siku mbili na nusu. Nikampelekea gazeti. Akalishika mbali na macho akaliangalia kwa muda, akaniambia, mpwa, hivi si ndo wanavyopigaga vile visu vya polisi? Hakuongeza neno, akarudi kwenye moto wake.

Na kweli ukifikiria, kisu kikitoka gazetini mara nyingi kimelazwa mezani mbele ya kamanda, kimepigwa flashi, pembeni kuna mapanga na simu za wizi. Msomaji jicho lake limeshazoea hivyo. Sasa ukichukua kisu ambacho mtu amekifua kwa mkono ukakipiga vilevile, hata ukiandika maneno mazuri kiasi gani pembeni yake, jicho limeshaamua kwamba hiki ni kidhibiti, ushahidi wa kesi.

Mi kazi yangu ni picha za harusi na kipaimara, Himo na Moshi mjini. Visu nilianza kupiga 2019 kwasababu ya mjomba tu, alitaka picha za kuwatumia wateja WhatsApp. Na nilianza kwa kukosea kama mlivyokosea nyie. Kulikuwa na mpishi mmoja yuko Arusha aliagiza kisu cha jikoni cha elfu thelathini na tano, nikakipiga kama ninavyopiga bibi harusi, flashi mbele, nyuma kitambaa chenye maua, nikatuma. Akajibu kwamba mbona hiki kinafanana na vile vya elfu tatu vya sokoni, akaghairi oda. Iliniuma sana maana kisu hakikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu, na aliyekosa hela ya shule ya watoto mwezi ule ni mjomba.

Shida ni kwamba chuma kilichosuguliwa ni kioo. Ukikimulika na flashi kinakurudishia flashi, ukisimama mbele yake umevaa shati jekundu kinakuwa chekundu. Kwa hiyo unachotakiwa kujiuliza sio taa iko wapi, ni kisu kinaona nini. Kuna wanaodhani ile filta ya polaraiza inayokata mng'ao wa maji na wa kioo cha gari itasaidia, kwenye chuma kitupu haisaidii, nilinunua moja nikaiweka kabatini. Kilichosaidia ni shuka. Nakaa mlangoni mwa kibanda asubuhi jua likiwa halijafika pale, nakilaza kisu kwenye ubao, upande wa nje naning'iniza shuka jeupe, upande wa ndani naacha giza la kibanda. Bapa linaona shuka, linakuwa jeupe laini. Halafu pale mjomba alipoanza kukipunguza kuelekea makali, chuma kimegeuka pembe kidogo, hakioni shuka tena, kinaona giza, na hapo ndo unatokea ule mstari. Umenyooka kutoka kwenye mpini mpaka karibu na ncha halafu unapinda taratibu kufuata tumbo la kisu. Ule mstari ameutoa kwa tupa na jicho lake, hana rula hana mashine, na kwenye picha yenu haupo, flashi imeufuta.

Halafu mgongo. Jamani mgongo wa kisu hakuna anayeupiga na ndo sehemu inayosema huyu ni mhunzi au ni mtu wa kukata mabati. Mjomba anatumia springi ya lori, zile za vipande bapa, ananunua kwa kilo kwa watu wa skrepa, anapasha kwenye mkaa, feni ya moto inazungushwa na rimu ya baiskeli, anaponda juu ya fuawe. Kisu chake ukikisimamisha makali chini ukauangalia mgongo kutoka juu, kwenye mpini una unene wa milimita nne hivi, unapungua unapungua, ukifika karibu na ncha imebaki moja na kitu kidogo. Hiyo ni nyundo sio grenda. Ndo maana ukikishika hakikuvuti mkono kwenda mbele. Kile cha elfu tatu kimekatwa kwenye sahani ya bati, unene ni uleule mwanzo mpaka mwisho. Picha moja tu ya mgongo ingemwonyesha yule mpishi tofauti yote bila mimi kumwandikia hata neno moja, na nilipokuja kumtumia mtu mwingine picha ya namna hiyo alilipa siku hiyohiyo.

Hata ukali unapigika. Elekeza makali kwenye kamera kukiwa na mwanga, kama ni makali kweli huoni kitu, yanapotea, ila kama kuna butu utaona kauzi keupe au kadoa kanang'aa. Mjomba ndo anavyokagua, anakipeleka mlangoni anakichungulia, na nikimpiga picha akiwa anachungulia vile naona hiyo ndo picha ya uhunzi kuliko cheche. Cheche mnazipenda sana waandishi, nawaelewa zinavutia, ila grenda ni kazi ya nusu saa kati ya siku mbili na nusu, hata mimi naiweza. Mngekuja wakati wa kutia maji, yaani kukifanya chuma kiwe kigumu (tunaita maji ila yeye anatumia oili). Anapasha mpaka sumaku inakataa kushika chuma, anakizamisha, halafu anajaribu kwa tupa, tupa ikiteleza bila kung'ata amefurahi. Hapo kisu kigumu mno kinaweza kuvunjika kama sahani, kwa hiyo anakisugua kidogo kianze kung'aa, anashikisha mgongo wake na chuma chenye moto, na rangi zinaanza kutembea, mgongoni bluu, katikati kahawia na zambarau, kwenye makali manjano ya nyasi kavu. Ikifika nyasi kavu kwenye makali anazamisha haraka. Zile rangi ziko pale mpaka msasa upite, na msasa unapita baada ya dakika chache tu, ukiwa nje unaongea na simu umezikosa. Nilizikosa mara nne kabla sijapata moja nzuri.

Kwa vijana wanaopiga na simu, na najua ndo wengi, simu inatosha kabisa. Zimeni flashi, rudini nyuma hatua mbili mvute zumu maana ukiisogeza simu karibu sana mpini unakuwa kama rungu na ncha inakuwa kama sindano. Gusa kioo pale kwenye kisu halafu shusha mwanga kidogo kwa kidole. Na kifuteni kwanza kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani, alama za vidole zinaonekana kuliko mnavyodhani, na springi sio stenlesi, jasho la vidole linaanza kuleta kutu. Kwenye picha yenu kuna dole gumba la mtu limekaa katikati ya bapa, nilihesabu mpaka mistari yake.

Sasa neno kienyeji. Mhariri, picha za Tingatinga zinauzwa mjini kila siku na nyingi zina jina la mchoraji pembeni, na aina yenyewe inabeba jina la Edward Saidi Tingatinga aliyefariki 1972. Hakuna anayeandika michoro ya kienyeji akaishia hapo. Mhunzi anafanya kazi ngumu kuliko brashi, na mikuki na sime zake Wamasai wamezibeba miaka na miaka, ila kwenye picha anakuwa mzee mmoja. Nendeni makumbusho mengi ya Ulaya mtakuta visu vya huku vimeandikwa kabila na mwaka, aliyekifua hayupo, na sa hivi hayupo hata wa kumuuliza. Wenzetu Oman jambia lao liko kwenye bendera ya nchi, na mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wake kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na ombi kama hilo lazima liende na picha na video za mafundi wakiwa kazini. Sisi tukiambiwa leo tupeleke za wahunzi wa Kilimanjaro tutapeleka zipi, cheche na dole gumba?

Mjomba ana alama yake. Ni vinukta vitatu, anavigonga kwa pancha kwenye msuka, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, kabla hajavisha mpini, kwa hiyo kisu kikikamilika havionekani, viko ndani ya mpingo. Nimemuomba avihamishie kwenye bapa karibu na mpini ili kamera ivione, kwanza alikataa akasema mwenye kisu atajua kwa kukitumia. Baada ya picha yenu amekubali.

Mwisho wa mwezi huu atakuwa anamalizia visu sita, vyote vina nukta tatu nje. Naomba mtume tena mpiga picha wenu, simlaumu, alikuja saa nane mchana jua liko juu ya bati na dereva anamsubiri. Aje saa tatu asubuhi, mwanga wa mlangoni unakaa vizuri mpaka saa nne na nusu hivi. Shuka lipo. Na kabla hajaondoka amuulize mzee jina lake, majina yote matatu, ayaandike kwenye daftari.

Mpiga picha, Himo, Kilimanjaro