Zisomeni makala zenyewe: barua ya wazi kwa vijana wanaosoma sayansi Afrika Mashariki

Wanangu na wajukuu zangu mlio katika shule na vyuo vyetu,

Nimefundisha sayansi hadi nikastaafu, na bado vijana hunijia na vitabu vyao kuuliza hili na lile. Ninachokiona ni kwamba mnajua matokeo mengi ya sayansi, ila ni wachache kati yenu waliowahi kusoma makala ambamo tokeo fulani lilitangazwa kwa mara ya kwanza. Mnaweza kuchora umbo la DNA bila kutazama popote, lakini makala ya Watson na Crick ya mwaka 1953 iliyolitangaza umbo hilo, ambayo haizidi kurasa mbili, hamjaifungua. Kitabu cha kiada hukupa jibu lililokwisha kusafishwa. Makala asilia hukuonyesha mtu akiwa bado hana hakika, akipima, akihesabu, na akichagua maneno kwa uangalifu ili asidai zaidi ya alichokiona. Nawasihi mzisome makala zenyewe, na mngeanza na zile ambazo kazi yake ilifanyika katika ardhi hii yetu.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya Anthony Allison, iliyochapishwa Februari 1954 katika jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal. Allison alikulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa katika msafara wa wanafunzi wa Oxford uliokwenda Mlima Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi, akagundua kwamba wenye chembe za damu zinazojikunja kama mundu, yaani selimundu, walikuwa wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini wachache sana katika nyanda za juu. Hilo lilikuwa fumbo kubwa, kwa sababu mtoto aliyerithi selimundu kutoka kwa wazazi wote wawili, kwa hali ya siku zile, mara nyingi hakufikia utu uzima, na kinasaba kinachoua watoto kwa kiasi hicho kilipaswa kupungua kizazi baada ya kizazi hadi kikaribie kutoweka. Mbona basi, katika baadhi ya makabila ya Afrika Mashariki, waliokibeba walikaribia watu 40 katika kila 100?

Allison aliona kwamba ramani ya selimundu inafanana na ramani ya malaria. Angeweza kuishia hapo na kuandika makala ya kupendeza, lakini alikwenda kuhesabu. Alipima watoto 290 wa Kiganda: kati ya 43 waliobeba kinasaba hicho, 12 walikuwa na vimelea vya malaria katika damu, yaani asilimia 27.9, kati ya 247 wasiokibeba, 113 walikuwa navyo, yaani asilimia 45.7. Zitazameni namba hizo kwa utulivu, kwa maana ndani yake mna mojawapo ya ushahidi wa kwanza ulio wazi kwamba uteuzi wa asili, yaani wenye sifa inayowafaa kuishi na kuzaa zaidi ya wengine, unafanya kazi kwa binadamu, na kwamba kinasaba kile kile huweza kumuua mtoto aliyekirithi pande zote mbili na kumkinga ndugu yake aliyekirithi upande mmoja. Miaka mingi baadaye watafiti wa Kilifi, wakifuatilia watoto wa Pwani, wamethibitisha kwamba kinga hiyo dhidi ya malaria kali ni kubwa mno.

Sehemu nyingine ya makala hiyo isomeni kwa macho mawili. Allison aliwaambukiza malaria kwa makusudi watu wazima 30 wa Kijaluo waliojitolea, nusu wakiwa na kinasaba na nusu wakiwa hawana. Wasiokuwa nacho walishikwa na ugonjwa 14 kati ya 15, na waliokuwa nacho 2 tu. Matokeo hayo yana nguvu, lakini kila ninapoyasoma huwafikiria wale watu, na kujiuliza walielezwa nini kabla ya kukubali. Ninyi mtakaokaa katika kamati za maadili ya utafiti msiliruke swali hilo.

Makala ya pili ni ya Erasto Mpemba na Denis Osborne, ya mwaka 1969, katika jarida la Physics Education. Kisa chenyewe wengi mmekisikia: mwaka 1963 Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, aliwahi kuweka mchanganyiko wake wa aiskrimu katika jokofu ukiwa bado wa moto ili asikose nafasi, na ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, aliambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba na si fizikia ya ulimwengu. Naye Mpemba, siku Osborne, mwanafizikia, alipokuja kutoka chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi, akasimama na kuuliza swali lake kwa namba kamili: vyombo viwili vinavyofanana, maji ya kiasi kimoja, kimoja kwa nyuzi 35 na kingine kwa nyuzi 100, kwa nini cha pili hutangulia kuganda? Wenzake walimcheka. Osborne hakucheka, aliporudi chuoni aliagiza jambo hilo lijaribiwe.

Wengi huishia kwenye kisa, wakaiacha makala, na ndiyo maana nawahimiza muisome. Imeandikwa kwa sauti mbili: kwanza Mpemba anasimulia mwenyewe alichofanya na alichoambiwa, kisha Osborne anaeleza majaribio ya maji ya sentimita 70 za ujazo katika bika. Katika vipimo vyake, maji yaliyoanza kwa nyuzi 25 ndiyo yaliyochelewa kuliko yote kuanza kuganda. Osborne anaeleza pia alivyochunguza kama uvukizi au hewa iliyoyeyuka majini ndiyo sababu. Mabishano hayajaisha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha vipimo vilivyowafanya waseme kwamba hawaoni ushahidi wa kutosha, na mwaka 2020 wengine wa Kanada wakaonyesha tabia ya namna hiyo katika chembe ndogo sana zinazoelea majini. Kwangu hilo haliipunguzii makala thamani hata kidogo, kwa sababu swali la mwanafunzi wa kidato cha tatu bado linawapa wanafizikia kazi.

Ya tatu naitaja kwa ufupi. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya kwa watoto 38. Baadaye, mwaka 1961, alizunguka na wenzake wawili kwa gari maelfu ya kilomita, wakiuliza hospitali kwa hospitali ugonjwa huo unapatikana wapi na haupatikani wapi. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr walikiona kirusi katika chembe za uvimbe wa wagonjwa wa Uganda, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Mkizisoma, anzeni na majedwali kabla ya maelezo. Ulizeni kila asilimia imetokana na watu wangapi, kisha tafuteni mahali mwandishi anaposema kwamba hana hakika. Someni wawili au watatu pamoja, kwa kuwa Kiingereza chake ni kigumu, na kila mmoja aeleze aya moja kwa Kiswahili mpaka wenzake waridhike. Tangulieni na ya Allison, ambayo inapatikana bure mtandaoni, kisha ya Mpemba. Ya Burkitt iwe ya mwisho, kwa sababu ina picha za watoto wagonjwa, na si vyema kuzitazama kwa haraka.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu