Harambee ya oksijeni kwa wagonjwa wetu wa kifua

Ndugu wapendwa,

Tunarudi kwenu kwa kuona haya, maana mchango uliopita bado ni wa juzi. Vile vipimo vya oksijeni vya kidoleni mlivyonunua, Mungu awabariki, ndivyo vilivyotuonyesha ukubwa wa tatizo: mgonjwa aliyeketi anasoma asilimia 94 ya oksijeni damuni, akitembezwa kidogo anashuka hadi 85. Nasi tuna mashine moja tu ya oksijeni, ya lita 5 kwa dakika. Wakizidiwa wawili usiku mmoja tunaigawa, na haimtoshi hata mmoja.

Wengi wao wana nimonia ya fangasi wa Pneumocystis, inayowavamia waishio na VVU ambao CD4 zao, yaani chembe za kinga katika damu, ziko chini ya 200. Huanza taratibu kwa kikohozi kikavu, homa na pumzi kukatika. Eksirei ya mwanzo huweza kutoka safi, mtu akarudishwa nyumbani. Tiba ni kotrimoksazoli ya dozi kubwa kwa siku 21, lakini siku za kwanza hali huweza kuzorota kabla dawa haijashika. Hapo ndipo oksijeni humvusha mtu.

Linalotutisha zaidi ni pafu kupasuka. Ugonjwa huu huacha vifuko vyembamba vya hewa, hasa sehemu ya juu ya pafu. Kimoja kikipasuka, hewa huvujia kifuani na pafu hunywea: maumivu ya ghafla upande mmoja, pumzi inabana. Huwekwa mrija wa kifua unaoishia kwenye chupa, ncha ikiwa sentimita 2 ndani ya maji, na chupa ikae chini ya usawa wa kifua muda wote. Mrija unaotoa mapovu usibanwe kamwe. Hewa ikikosa njia hulikandamiza pafu na moyo. Tundu lenyewe la pafu ni gumu kuziba, mgonjwa huweza kukaa na mrija wiki kadhaa, ndiyo maana chupa zinatuishia.

Tunaomba mashine 2 za lita 10, stabilaiza 2 za umeme, seti 12 za mirija na chupa, pamoja na vichujio vya akiba, kwani vumbi ndilo linaloua mashine hizi.

Mweka hazina atatoa risiti papo hapo, na hesabu itabandikwa ubaoni kila mwezi. Ahadi 9 za harambee iliyopita bado hazijatimizwa. Majina hatuyataji, wenyewe mnajijua, na mlango u wazi.