Pete za rodi zipangwe kwa uzito, si kwa rula

Mhariri,

Kaskazi ikiingia na mashua za Watamu na Malindi zikaanza kufuata sulisuli, meza yangu hujaa rodi za kuvulia samaki zilizovunjika, na karibu kila mwenye rodi huja na lawama ile ile: ufito, yaani mwili wenyewe wa rodi, ni hafifu, wa bei rahisi. Mara nyingi ufito hauna kosa. Mwenye kosa ni aliyezifunga pete, zile anamopita mshipi, yaani uzi wa kuvulia.

Rodi ikikatika ncha, mafundi wengi hupachika pete mpya pale pale ilipokatikia na kumrudishia mwenyewe. Pete nyingine zimebaki mahali pake pa zamani, ilhali rodi sasa ni fupi, ni ngumu, na inapinda kwingine. Wapo pia wanaonakili vipimo vya rodi nyingine kwa rula, sentimita kwa sentimita, hata kama ufito si wa aina ile. Kanuni ya pete moja kwa kila futi na moja ya ziada yafaa kuanzia kazi, haifai kuimaliza.

Mimi hubana kitako cha rodi mezani, pete nikazishikiza kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli bila kufunga uzi, nikapitisha mshipi kutoka kwenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, hadi nchani, kisha nikaufunga kwenye ndoo na kutia mchanga kidogo kidogo. Rodi ikipinda, natazama kutoka ubavuni. Mshipi unatakiwa uufuate mpindo wa ufito. Ukiona kati ya pete mbili mshipi umenyooka kama uzi wa upinde huku ufito umejikunja, ujue zimeachana mno, na nguvu inakusanyika hapo badala ya kugawanyika. Nasogeza, naongeza, natia mchanga tena. Mwishowe pete hubanana karibu na ncha na kuachana polepole kuelekea kwenye rili.

Rodi ambayo rili yake hukaa juu ina shida zaidi. Pete zikiwa chache, mshipi huangukia kwenye ufito na kuukwaruza. Tena rodi yenyewe hutaka kupinduka mkononi samaki akivuta. Baadhi ya mafundi huapa kwamba ukiupata upande mgumu wa ufito na kufunga pete juu yake, haitapinduka. Siamini. Mshipi uko juu na unavuta ushuke chini; upande mgumu hauwezi kuuzuia. Dawa ni kuzizungusha pete: ya kwanza juu, zinazofuata zishukie ubavuni, zilizobaki zikae chini mpaka nchani. Manahodha huicheka rodi ya namna hiyo, mpaka waishike ikiwa na kolekole mkubwa.

Rili inayoning'inia chini ni habari nyingine. Huko mshipi hutoka kwa mizunguko mipana, basi pete ya kwanza iwe kubwa na zinazofuata zipungue upesi.

Mabaharia nao wana lao. Anayesimamisha rodi wima ili amnyanyue jodari hadi ndani ya mashua ataivunja hata kama ningeifunga pete mia.

Ombi langu kwa wenye rodi: kabla fundi hajapaka gundi ya epoksi, mwambie aipinde mbele yako. Gundi ikishakauka, kusogeza pete moja tu ni kuipasha moto, kuikwangua kwa kisu na kulipa upya.

Fundi wa rodi,
Watamu